Jumapili Bila Kengele

Tone. Kimya. Tone.

Kulikuwa bado hakujapambazuka. Katika giza la chumba namba kumi na nne bomba la sinki lilidondosha maji ndani ya kikombe cha bati, tone moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu anayesema jambo lile lile kwa msikilizaji asiyetaka kujibu. Mwalimu alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Bomba lako linakuita," ikasema sauti kutoka kitanda cha pili.

"Si langu. Ni la bweni."

"La bweni, eh? Limeripotiwa mara sita ndani ya muhula mmoja, na ripoti zote sita zina mwandiko wako. Mimi nasomea sheria, shoga yangu. Ushahidi huo ukifika mbele ya hakimu, unafungwa kabla hujaulizwa jina."

"Lala, Wakili."

"Nitalalaje na mtu anayepumua kama amepanda ngazi? Leo si ndiyo Jumapili yenyewe?"

Mwalimu akavuta shuka hadi kidevuni. Bwenini pale wasichana waliitana kwa masomo yao, ndiyo maana mwenzake alikuwa Wakili na yeye, aliyekuwa mwaka wa pili wa ualimu, akawa Mwalimu. Na Wakili alikuwa amepatia. Bomba lile liliharibika lenyewe mara moja tu. Zile nyingine, mkono wa mtu ulihusika.

Yote yaliletwa na kanuni ya tisa. Kwenye ubao wa matangazo, kando ya mlango mkuu, iliandikwa kwamba fundi wa kiume aingiapo katika bweni la wanawake atatembea akipiga kengele, ili wakaazi wapate kujisitiri. Kwa hiyo kila fundi alikabidhiwa mlangoni kengele ndogo ya shaba, kongwe kuliko wanafunzi wote. Mafundi wa umeme waliitikisa kwa aibu. Maseremala waliipiga kama wanauza kitu. Lakini fundi wa bomba aliipiga polepole, mara moja kila hatua chache, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Wasichana wengine wakiisikia walikimbilia mashuka yao. Mwalimu alikimbilia kioo.

Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuweka sikio kwenye bomba kabla ya kulifungua.

"Unasikiliza nini?" Mwalimu alimuuliza siku ya kwanza, mlango ukiwa wazi kama kanuni itakavyo na Wakili akijifanya anasoma.

"Linaniambia linapoumwa."

"Bomba linasema?"

"Bomba halina mdomo, ila halijui kunyamaza. Watu ndio hunyamaza."

Maneno yale yalimwingia Mwalimu mahali ambapo hakuna aliyewahi kugusa. Wiki iliyofuata alijikuta amesimama mbele ya sinki, mlango umefungwa, akililegeza bomba kwa mkono wake mwenyewe.

Hivyo ndivyo walivyofahamiana, kwa robo saa robo saa, yeye amekaa kitandani, Fundi amepiga magoti chini ya sinki. Walizungumza juu ya masomo ya Mwalimu, juu ya mama yake mshonaji, na zaidi juu ya mdogo wake wa miaka mitano na nusu, ambaye mama huyo alimpa jina la Kishikizo kwa kuwa tangu atambae alikuwa akikusanya vishikizo vya nguo chini ya mashine. Fundi alimpenda mtoto yule bila kumwona. Alikuwa akiuliza: "Kishikizo hajambo? Lile jino limeng'oka?"

Jumatano iliyopita, alipomaliza kukaza bomba, hakuinuka upesi.

"Jumapili nitakuja bila kengele," alisema.

"Utakuja kutengeneza nini?"

"Sitakuja na spana. Nitakuja na shati."

Akaondoka, na kengele ikapotea kwenye korido, na Mwalimu akabaki amekumbatia mto akicheka peke yake kama mwehu.

Alhamisi likaja tangazo jipya. Fomu zote za ukaazi zitajazwa upya. Mzazi au mlezi afike Jumapili, saa ya wageni, atie sahihi mbele ya Matroni. Atakayebainika kutoa taarifa za uongo atapoteza chumba.

Mwalimu alilisoma amesimama, akalisoma tena, kisha jicho lake likashuka lenyewe hadi kanuni ya kumi na mbili: mwanafunzi mwenye mtoto hapangiwi chumba bwenini. Miaka miwili nyuma, penye swali la mtoto, alitia alama kwenye "Hapana", na wino ukakauka.

Kishikizo hakuwa mdogo wake. Alimzaa mwenyewe, akiwa bado msichana wa sekondari, na mwanamume aliyehusika alisafiri kabla tumbo halijaonekana. Barua zake zilikoma kabla mtoto hajaota jino. Mshonaji, mama yake Mwalimu, ndiye aliyeamua. "Nje, mimi ndiye mama, wewe ni dada. Ndani muitane mtakavyo. Njia yako isizibwe na ulimi wa watu." Mtoto alilichukua sharti lile kama mchezo, na akaucheza vizuri. Nje dada, ndani mama.

Ila likizo iliyopita, asubuhi ya kuondoka, mlango umefungwa na taa imezimwa, Kishikizo aligeuka usingizini, akamkumbatia shingo, akanong'ona, "Dada, usiende." Ilikuwa ndani kabisa. Hakuwa amekosea mchezo. Alikuwa amezoea.

Tone, likasema bomba. Mwalimu akainuka, akalikaza. Safari hii alilikaza barabara.

*

Chumba cha wageni kilifunguliwa saa nane kamili. Kilikuwa na mabenchi manne, saa ya ukutani, na meza ya Matroni yenye daftari kubwa. Taa iliwashwa mchana kweupe, kwa mujibu wa kanuni ya nne, na mlango ulizuiwa kwa tofali usijifunge, kwa mujibu wa kanuni ya tano. Matroni mwenyewe, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa na miaka kumi na mmoja pale, na wasichana walisema hata akipiga chafya huitaja namba ya kanuni.

Mshonaji alifika wa kwanza, mkoba begani, amemshika Kishikizo mkono. Gauni la mtoto lilikuwa la vipande vya rangi nne, lakini ungeapa limekatwa hivyo makusudi.

"Umekonda," alimwambia bintiye, kabla ya salamu. "Hawakulishi hapa?"

"Nakula, Mama."

"Unakula vitabu." Kisha akainama kwa mjukuu wake. "Salimia."

Kishikizo alisimama wima. "Shikamoo, dada," akasema kwa sauti safi, kama alivyofundishwa.

Lile neno lilimchoma Mwalimu kama sindano iliyosahauliwa kwenye nguo mpya. Alimbeba mtoto, akaficha uso wake katika shingo yake ndogo. Ilinukia sabuni na uzi.

Mshonaji aliandika kwenye daftari. Jina lake, saa, uhusiano: mama. Mstari wa chini yake, jina la mtoto, uhusiano: mdogo wake. Aliandika kama anayeandika vipimo vya mteja.

Ndipo kicheko kikalipuka kwenye korido.

"Jamani, leo amekuja kimya kimya," msichana mmoja alisema. "Sasa sisi tutajisitiri vipi?"

Fundi aliingia akiwa amevaa shati jeupe ambalo mistari ya pasi ingekata mkate. Mkononi alishika kifurushi kidogo cha gazeti. Macho yake yalimtafuta Mwalimu, yakampata, na kwa kitambo kile ilikuwa kama chumba hakina mabenchi wala saa wala Matroni. Kisha yakateremka kwa mtoto aliyembeba, na uso wake mzima ukatabasamu.

"Jina, saa, uhusiano na mwanafunzi," Matroni alisema bila kuinua kichwa.

Fundi aliandika jina. Akaandika saa. Kalamu ikasimama.

"Uhusiano?" Fundi aliuliza.

"Mjomba, kaka, binamu. 'Fundi' haiandikwi Jumapili."

"Naweza kukirudia hicho kisanduku baadaye?"

"Daftari halina baadaye."

"Basi niache nivute pumzi, Matroni."

Mshonaji alikuwa amemtazama kijana yule kutoka kola hadi viatu, kama anayekadiria kitambaa. "Ni nani?" alimuuliza bintiye kwa mnong'ono uliosikika chumba kizima.

"Ni fundi wa bomba wa hapa, Mama."

"Kwani chumba cha wageni kina bomba?"

Fundi alilisikia. Akasogea, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, sikujua ningekukuta, ila nashukuru nimekukuta. Neno nililokuja nalo sitaki kulisema pembeni. Nampenda binti yako. Naomba siku moja niruhusiwe kuja kwako na wazee wangu, niulize njia kwa heshima."

Mwalimu alimketisha Kishikizo kwenye benchi, asije akamwangusha. Kule mlangoni Wakili, aliyekuwa anapita kwa mara ya tatu bila sababu, alisimama kabisa.

"Mwanangu," mshonaji alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya uchovu, nayo ilikuwa mbaya zaidi. "Nimeshona mashati ya waume za watu miaka ishirini. Siku hizi siwezi kutunga uzi bila kuazima macho ya mtoto huyu. Nimefanya hivyo ili binti yangu asome, asimame, achague. Leo nimkabidhi spana?"

"Spana hailali njaa, mama. Kila nyumba ina bomba."

"Na digrii yake?"

"Ataimaliza. Mimi sitasimama njiani. Akisoma, nitapika."

"Hiyo imeandikwa mahali?" Wakili aliuliza kutoka mlangoni.

"Wakili, ondoka hapo," Matroni alisema. "Mwalimu, njoo na mzazi wako. Fomu."

Fundi alirudi nyuma, akakifungua kifurushi chake. Ndani mlikuwa na kikombe kidogo cha bati chenye mkono, kidogo kama cha mchezo lakini kimeungwa vizuri, kingo zake zimesuguliwa hadi hazikwaruzi. Akakiweka kwenye benchi karibu na Kishikizo. "Hiki ni chako. Dada yako aliniambia vikombe vya kwenu ni vikubwa kwa mikono yako."

Matroni alikuwa na desturi ya kuyasoma maswali yote kwa sauti, hata kwa wanaojua kusoma. Alisoma la makazi, akajibiwa. La maradhi, akajibiwa. Akageuza ukurasa.

"Mwanafunzi ana mtoto?"

Saa ya ukutani iliendelea na kazi yake.

"Hana," alisema mshonaji.

Mwalimu alihisi sketi yake ikivutwa. Kishikizo alikuwa amesimama pale na kikombe kipya kifuani, amekunja uso kwa fikra. Alitazama dari. Akatazama mlango uliozuiwa kwa tofali na mwanga wa jua uliokuwa umelala sakafuni.

"Dada," alinong'ona, "hapa ni nje au ni ndani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kuna paa. Lakini mlango uko wazi. Sijui nikuite nani."

Kuna maswali mtu hujiandaa kuyajibu miaka, halafu yakija, huja katika sauti ambayo hakuiandalia ngao. Mwalimu alipiga magoti. Aliona vidole vile vidogo vimekishika kikombe, aliona pengo la jino ambalo hakuwepo siku lilipong'oka, na hofu yake yote, ya chumba, ya fomu, ya mwanamume mwenye shati jeupe nyuma yake, ikasogea pembeni kama mtu anayempisha mwenye haraka.

"Hapa ni ndani," alisema. "Na kule barabarani ni ndani. Kuanzia leo kote ni ndani."

Akainuka. "Matroni, andika ndiyo."

"Binti yangu," mshonaji alimshika mkono, "unajua unachokivunja?"

"Najua, Mama. Ulinifunika kwa mapenzi, na sitasahau hadi nakufa. Lakini chumba nitatafuta kingine. Lile neno likishapotea kinywani mwake, nitalitafuta wapi?"

Alivuta daftari la wageni, akafuta "mdogo wake" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake "mtoto wake". Kisha akageuka, maana alijua lazima ageuke.

Fundi alikuwa amesimama. Tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Uliniambia ni mdogo wako."

"Nilikuambia."

"Mara sita nimepiga magoti chini ya sinki lile nikisikiliza habari zake. Jino lake. Homa yake. Mara sita ulikuwa na nafasi."

"Nilikuwa na hofu utaondoka."

 Fundi akapita katikati ya mabenchi na kutoka. Hatua zake zilisikika kwenye korido, bila kengele, zikazidi kuwa ndogo hadi zikaisha.

"Umeona," mshonaji alisema polepole.

Mwalimu aliketi. Hakulia. Alimpakata mwanawe na kumpangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Matroni alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake. "Kanuni ya kumi na mbili ina sehemu ya pili," alisema. "Iko chini ya tangazo la ndoo iliyopotea, tangu mwaka juzi. Inasema isipokuwa kwa kibali cha mkuu wa wanafunzi, iwapo mtoto analelewa nje ya bweni. Miaka kumi na mmoja niko hapa, hakuna aliyewahi kukiomba kibali hicho. Wote huandika hapana, halafu wanalia chooni wakidhani maji yakifunguliwa siwasikii."

"Watanipa?"

"Sijui. Ulidanganya mwanzo, na hilo nitaliandika, siwezi kuliruka. Lakini nitaandika pia kwamba ulisema mwenyewe, mchana, mbele ya mama yako. Kesho saa mbili tutakwenda wote. Vaa viatu vya kufunga."

 Mshonaji alikuwa akiokota mkoba wake pale hatua ziliposikika tena kwenye korido, zikija, na Fundi akatokea mlangoni, shati limeanza kulowa mgongoni.

"Mlinzi wa getini amenirudisha," alisema. "Anasema mgeni hatoki kama hajajaza uhusiano."

"Kanuni ya sita," Matroni alisema.

Lakini Fundi hakwenda kwenye meza. Alikuja hadi kwenye benchi, akapiga magoti, kama alivyozoea kupiga chini ya sinki.

"Nimekasirika," alimwambia Mwalimu. "Si kwa ajili ya mtoto. Nimekasirika kwamba ulinidhania mimi ni mtu wa kumkimbia. Hasira hii naijua, itakaa hadi Jumatano. Jumatano itaisha."

"Nitaisubiri," Mwalimu alisema, na sasa ndiyo machozi yakaja.

"Na nilipofika getini nikakumbuka kwamba na mimi nimekudanganya. Mpira wa bomba lako. Mara ya pili hadi ya sita, nilikuwa nakuwekea wa zamani, ili livuje tena."

Mwalimu alimkodolea macho. "Na mimi nilikuwa nalilegeza kwa mkono."

"Mpira wa zamani, na bado ulikuwa unalegeza?"

"Nilikuwa naogopa litapona."

Sauti ya ajabu ilisikika. Ilikuwa ni mshonaji, mkono mdomoni, akicheka bila kupenda, mabega yanatikisika. Matroni pekee hakucheka. "Maji ya chuo," alisema, "muhula mzima." Lakini alikuwa ameinamisha uso kwenye karatasi zake zaidi ya ilivyohitajika.

Mshonaji alipangusa macho. Alimtazama kijana aliyepiga magoti, akamtazama bintiye, akatazama mshono wa bega la lile shati, uliokuwa umeanza kuachia.

"Jumapili ijayo uje nyumbani," alisema. "Sijakubali. Nimesema uje. Kuna bomba nyuma ya cherehani yangu linavuja, na hilo hakuna aliyelilegeza. Na hilo shati ulilete, nani alikushonea bega namna hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Uhusiano," Matroni alikumbusha, akigonga daftari kwa kalamu.

Fundi aliinuka, akainamia ukurasa. Alifikiri kidogo, kisha akaandika neno moja na kuliacha. Matroni alivaa miwani akasoma. Kilichoandikwa katika kisanduku kile kilikuwa: unaanza. Alilisoma tena, akainua kalamu yake nyekundu ya kufutia, akaifunga kifuniko.

Kishikizo alikuwa ameteremka kutoka mapajani bila mtu kumwona. Alisimama kizingitini, karibu na tofali, mguu mmoja sakafuni, mguu mmoja juani, wasichana wa korido nzima wakimtazama. Aligeuka. Mwalimu na mshonaji wote wawili walinyoosha mikono kama walivyozoea, kila mmoja kwa sababu yake, na mtoto akawaangalia mmoja baada ya mwingine, kisha akakiinua kikombe chake kipya kuelekea kwa Mwalimu.

"Mama, nina kiu."